Maneno ya Meza ya Nne

Jumanne ya pili ya mwezi Machi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, fundi sauti Gareth Pugh alivua hedifoni zake, akazitazama, akazivaa tena, kisha akainua mkono kuomba kazi isimame. Alisema meza ya nne inaongea.

Walikuwa wanarekodi ndani ya baa ya Tanner Brow, tamthilia ya televisheni inayoonyeshwa mara tano kwa wiki tangu kabla nusu ya waigizaji wake hawajazaliwa. Baa yenyewe haina dari wala choo, na bia yake ni maji yaliyotiwa rangi ya sukari iliyounguzwa. Mbele ya kamera waigizaji wawili walikuwa wanagombea mtoto. Nyuma yao walikaa watu wa nyuma, kumi na wawili, ambao kazi yao ni kujaza viti na kuchezesha midomo ili baa ionekane ina wateja. Watu wa nyuma hawaruhusiwi kutoa sauti. Mtu wa nyuma akitamka neno moja likasikika, amekuwa mwigizaji, na karatasi zake zote ofisini inabidi zibadilishwe, na hilo hakuna anayelitaka. Kwa hiyo wamefundishwa kupanua midomo na kusema "kabichi, kabichi, kabichi" bila kutoa pumzi.

Kwenye meza ya nne alikaa Enid Ormerod, mwenye miaka sitini na saba, pamoja na bwana mmoja mpole aitwaye Keith, mstaafu wa posta. Keith alisema yeye alikuwa anasema kabichi tu, tena kwa ndani. Enid alisema koo lake halijafunguka tangu alipomaliza chai.

"Si yule bwana," alisema Gareth. "Ni sauti ya mama. Inasema, 'Mtazame huyo, anashika glasi utadhani kazaliwa chini ya kaunta.'"

Enid aliyatambua. Hayo ndiyo maneno aliyokuwa ameyatamka kwa midomo mitupu, bila sauti, huku akimtazama Freda Whittam aliyesimama nyuma ya kaunta.

Watu wote waligeuka kumtazama Freda, kisha mwongozaji akatazama saa yake. Gareth aliandika kwenye karatasi "Meza ya 4: sauti". Wakarudia, na safari hii Enid akaombwa afunge mdomo na kuitazama glasi yake.

Ukitaka kuujua wivu wa Enid inabidi uanzie kiwandani. Yeye na Freda waliingia kiwanda cha kufuma vitambaa, kule mjini Nelson, kaskazini mwa Uingereza, siku moja, wakiwa na miaka kumi na mitano, wakapewa mitambo iliyopakana. Mle ndani mitambo mia tatu ilipiga kelele tangu asubuhi hadi jioni, husikii hata unachokifikiria, kwa hiyo wafumaji wa huku kwetu walikuwa na lugha yao ya midomo. Neno hulisemi, unalichora kwa midomo, mashavu na nyusi, na mwenzako analisoma kutoka ng'ambo ya ukumbi. Mama zetu waliweza kukusengenya ukiwa umesimama katikati yao, na wewe ukadhani wanatafuna kitu.

Kiwanda kilipofungwa Freda aliona tangazo la kutafuta watu wa nyuma. Wakaenda pamoja, wakapewa meza ya nne, wakaikalia miaka kumi na tisa. Wenzao walisema kabichi. Wao wawili walikuwa wanaongea kwelikweli. Mbele yao ndoa zilivunjika, mto ulifurika, na ndege ndogo ikaangukia duka la samaki, na huku nyuma, mbele ya kamera nne, Enid akimweleza Freda habari za goti lake, za jirani asiyefua mapazia, na za mumewe Wilf.

Halafu ikatokea habari ya sweta. Asubuhi moja mtu wa mavazi alimpa Enid sweta ya buluu na Freda ya kijivu. Enid akasema sufu ya ile ya buluu inamwasha shingoni, Freda akasema lete hapa, wakabadilishana. Haikupita saa moja, mwigizaji aliyekuwa na sentensi moja tu ya kusema siku hiyo akapiga simu kwamba amekwama barabarani nyuma ya lori la kondoo lililopinduka. Mwongozaji hakuinua hata macho. Alinyoosha kidole kuelekea meza ya nne, akasema, "Wewe mwenye sweta ya buluu. Simama useme, 'Mwacheni, mkewe anamngoja.'"

Freda akasimama, akasema, na alisema vizuri. Hilo ndilo Enid hakuweza kulisamehe. Angeboronga, angekuwa bado rafiki yake.

Watazamaji waliandika barua kuuliza yule mama ni nani. Akapewa jina, Lil Bracewell. Kisha akapewa nyumba, mjukuu mhuni, na kazi ya kuhudumu kwenye kaunta. Watu wakawa wanamsimamisha sokoni wanamwita Lil, na mwaka wa pili jina lake likatangazwa kwenye tuzo za tamthilia za kila mwaka, kundi la mwigizaji mpya bora, pamoja na wasichana wawili wa miaka ishirini na kijana mmoja asiyependa kuvaa shati. Freda alikuwa na miaka sitini na saba na meno ya bandia juu na chini.

Enid alikuwa na wivu, na hakuuita kwa jina lingine. Aliamka nao, akaupandisha basi la kwenda studio Manchester, akarudi nao. Alinunua sweta ya buluu, akaivaa jikoni kwake, akasimama mbele ya jokofu akasema, "Mwacheni, mkewe anamngoja." Alisema kwa namna nane. Ya sita ilikuwa nzuri kuliko ya Freda, na hakuna aliyeisikia.

Wiki iliyofuata ilibainika kwamba mambo hayakuanza Jumanne ile. Vipindi vya zamani vya Tanner Brow hurudiwa mchana kwenye chaneli nyingine, kwa ajili ya wastaafu na wagonjwa, na wastaafu wakaanza kupiga simu. Walisema nyuma ya kipindi cha mafuriko kuna mwanamke anasimulia goti. Mtunza kanda akashuka stoo kusikiliza. Alikuta sauti imo katika kanda zote za miaka ile kumi na tisa, mahali palepale ambapo zamani palikuwa kimya, sauti ya Enid, safi, yenye lafudhi ya Nelson. Ya Freda haikuwamo, ingawa midomo yake ilionekana ikienda kasi vilevile. Mtunza kanda aliandika namba za kanda na tarehe zake, kisha akaenda kula.

Kipindi kilichopigiwa simu nyingi zaidi kilikuwa cha miaka kumi na moja nyuma. Mbele mwenye baa anamfukuza mkewe. Nyuma Enid anamwambia Freda jinsi Wilf alivyokufa.

Wilf Ormerod alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kilekile. Alipopatwa na kiharusi sauti ilimpotea, na daktari akamwambia Enid kwamba mumewe hataweza tena kusema. Lakini Wilf alikuwa anasema. Alikuwa amelala wodini anasema kwa midomo, upande mmoja wa midomo, kama walivyosema kiwandani: "Nipeleke nyumbani." Alisema hivyo siku sita. Siku ya sita daktari aliona mdomo unachezacheza, akamwuliza Enid, "Anajaribu kusema kitu?" Enid alifikiria ngazi za nyumba yake, nyembamba na zilizosimama wima, alifikiria mgongo wake, akaogopa. Akasema, "Hapana, daktari. Hasemi kitu." Wilf alimsoma akisema hivyo. Siku ya saba hakuchezesha mdomo tena, na siku ya nane akafa.

Enid hakumwambia mtu mwingine duniani. Alimwambia Freda peke yake, meza ya nne, bila sauti, akiwa na glasi ya maji ya sukari mkononi.

Na hicho ndicho kisa kilichompeleka Freda kwenye tuzo. Waandishi wa tamthilia walimwuliza Freda, Lil Bracewell ana siri gani moyoni, naye akawapa hiyo. Lil akasimama kando ya kitanda cha mumewe, akamwambia daktari hasemi kitu, na nchi nzima ikalia mpaka chai ikapoa. Enid alikuwapo siku ya kurekodi. Walimpanga awe mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Mtayarishaji, Philippa Garside, alimwita Enid ofisini, akamwekea chai na biskuti za tangawizi. Mwanasheria naye alikuwapo.

"Tumesikiliza kanda, Enid mpenzi," alisema Philippa. "Sauti ni yako. Hatubishi."

"Basi mnajua kisa ni changu."

"Tunajua. Kinasikika wazi kabisa. Hata tarehe tunayo."

"Basi andikeni. Mwisho wa kipindi, pale majina yanapopita. Jina langu hata likipita mbio, mimi nitaliona."

Mwanasheria akakohoa. Alieleza kwa upole kwamba maneno yanayosikika ndani ya studio ni mali ya studio. Enid akasema kama ni hivyo basi yeye aliongea, na mtu wa nyuma aliyeongea ni mwigizaji, kwa hiyo yeye ni mwigizaji tangu siku ya kwanza alipokaa meza ile. Mwanasheria akasema hapana, kwa kuwa siku zote hizo Enid hakutoa sauti. Karatasi za fundi sauti za miaka hiyo zipo, na zote zinaonyesha meza ya nne ilikuwa kimya.

"Hebu nieleze, kijana," alisema Enid. "Nilisema au sikusema?"

"Ulisikika," alisema mwanasheria. "Hukusema."

Philippa alimsogezea biskuti nyingine. Akaongeza kwamba watazamaji kadhaa wameandika kulalamika. Wanasema sauti ya nyuma inaharibu kilio cha Lil.

Ijumaa ile, saa ya chakula, Freda alikuja na sinia lake la samaki, chipsi na njegere za kupondwa, akaketi mbele ya Enid bila kukaribishwa.

"Umenuna," alisema Freda.

"Sijanuna. Nakula."

"Unakula umenuna. Hao samaki wamekukosea nini?"

"Umekiuza kitanda cha mume wangu, Freda."

"Mie sijauza kitu. Waliniuliza Lil ana siri gani, nikafungua mdomo, nikaikuta imo. Siri zangu mwenyewe zote ni za kamari ya bingo, mwenzangu. Nani atamlilia mtu wa bingo?"

"Nilikuambia wewe. Wewe peke yako."

"Peke yangu? Mbele ya kamera nne? Ungetaka iwe siri ungeniambia kwenye basi!"

Enid alijua kuna ukweli kidogo hapo, na ukweli huo ukamkera kuliko uongo. Akamtazama Freda, nywele zake zilizotengenezwa na studio, kucha zake zilizotengenezwa na studio.

"Na kule kulia? Kulia kule ulikutoa wapi?"

"Sasa ulitaka nisilie? Wewe ulinisimulia yote hukutoa hata chozi moja. Nilikusoma usoni mwanzo mpaka mwisho, pakavu. Nikasema huyu kanyimwa, ngoja nimlilie."

"Ahsante."

"Usinifanyie hivyo, Enid."

"Naitaka tuzo ile," alisema Enid. "Sikufichi. Nikiiona kwenye magazeti mate yananijaa. Lakini hata nisipoipata, nataka kitu kimoja. Ukiitwa ukapanda pale juu, useme. Useme kisa hiki ni cha Enid Ormerod wa Nelson, kwamba ni yeye aliyemwambia daktari hasemi kitu. Kwa sauti. Mara moja tu."

"Utaaibika, bibi wee. Nchi nzima."

"Aibu ni yangu. Hata hiyo nayo unataka ukae nayo wewe?"

Freda alinyunyiza siki kwenye chipsi, nyingi kuliko kawaida yake.

"Nikishinda," alisema, "nitasema."

Tuzo zilitolewa Jumamosi moja ya mwezi Mei, katika ukumbi mkubwa wa Manchester. Enid alikuwapo, kwa sababu kamera za televisheni hazipendi kiti kitupu. Nyota akienda kujisaidia, au akiitwa jukwaani, kiti chake hujazwa haraka na mtu aliyevaa vizuri ambaye haijui familia ya nyota huyo wala haitaki kuijua, na watu hao huchukuliwa kutoka kwa watu wa nyuma. Masharti ni mepesi. Kaa, piga makofi, tazama jukwaa, usiseme na nyota, na mwenyewe akirudi inuka upesi. Enid alivaa gauni jeusi alilolivaa kwenye mazishi ya Wilf. Mafundi sauti wa ukumbini walikuwa wameshaambiwa habari zake, wakampa peremende ili mdomo wake uwe na shughuli.

Alisimama ukutani pamoja na wajazaji wenzake, akaangalia. Aliona waigizaji wa tamthilia zote za nchi wakibusiana mashavu, wakipeana hongera kwa vifo vyao, maana kulikuwa pia na tuzo ya aliyekufa vizuri. Aliona Freda amekaa safu ya tatu, gauni la zambarau, shingo imenyooka. Enid alihisi kwamba anamchukia. Baadaye aliona pia kwamba lebo ya gauni la Freda imechomoza nyuma, na mkono wake ukataka kwenda kuirudisha ndani, kwa mazoea tu.

Ulipofika wakati wa mwigizaji mpya bora, nyuso nne zikatokea kwenye skrini kubwa, kila moja ikitabasamu. Vikaonyeshwa vipande vyao. Yule kijana alivua shati. Msichana wa kwanza alitoka kwenye gari linaloungua, wa pili aliligonga. Kisha ikaja wodi, na Lil Bracewell kando ya kitanda, na katika kitanda cha jirani, kwa mbali kidogo, mwanamke mzee aliyefunikwa blanketi mpaka kidevuni, midomo yake ikicheza.

Sauti ya Enid ilitangulia. "Hapana, daktari," ilisema, kavu, kutoka kwenye spika zote za ukumbi. Kisha Lil akasema, "Hapana, daktari," na macho yakamjaa. "Hasemi kitu," ilisema sauti. "Hasemi kitu," alisema Lil, na chozi likashuka mahali pake hasa. Watu waliokaa karibu na ukuta waligeuka wakamtazama Enid mara moja, kwa adabu, kisha wakarudisha macho kwenye skrini, wakatoa vitambaa.

Bahasha ikafunguliwa. Alikuwa Freda.

Freda akainuka, akabusiwa kulia na kushoto, akaanza kupanda ngazi. Msimamizi wa viti, msichana mwenye waya sikioni, akamgusa Enid begani, akamwonyesha safu ya tatu. "Haraka, mpenzi, kamera inakuja." Enid akapita kwenye magoti ya watu, akaketi katika kiti cha Freda. Kilikuwa bado na joto.

Jukwaani Freda aliishika tuzo kwa mikono miwili. Aliwashukuru waandishi, mwongozaji, na watu wote wanaotazama majumbani. Alimshukuru dereva wa lori la kondoo, na watu wakacheka sana. Kisha akatazama safu ya tatu, kwenye kiti chake, akamwona Enid.

Akapanua mdomo. Akaupanua kwa namna ya kiwandani, midomo, mashavu na nyusi, kama mtu anayesema na mwenzake aliye mitambo arobaini mbele. Akasema, bila sauti hata kidogo: "Kisa hiki si changu. Ni cha Enid Ormerod wa Nelson. Wilf wake ndiye aliyeomba arudi nyumbani, na Enid akasema hasemi kitu. Alinieleza mimi, nami nimekiiba."

Alisema yote. Hakuruka neno. Enid alisoma kila herufi. Watu elfu tatu waliokuwamo ukumbini, na mamilioni waliokuwa majumbani, waliona bibi kizee aliyezidiwa na furaha mpaka mdomo unampinda. Wakasimama wote kumpigia makofi.

Enid hakusimama. Peremende ilikuwa imekwisha. Alipanua midomo yake akajibu, bila sauti, "Kwa sauti, Freda."

Sauti ikatoka kwenye spika zote, wazi, ya Nelson. Kwa sauti, Freda. Watu waliona ni wazo zuri sana. Wakaanza kuitikia huku wakipiga makofi kwa mpigo mmoja, wa mbele na wa nyuma na wa ghorofani: "Kwa sauti, Freda! Kwa sauti!" Fundi taa akammulika zaidi. Freda akakitazama kipaza sauti. Akakiinamia, na kwa kitambo kidogo Enid aliamini.

"Asanteni sana," alisema Freda kwa sauti. "Nawapenda nyote."

Aliporudi, Enid aliinuka upesi, kama masharti yanavyotaka. Walikutana katikati ya safu, tumbo kwa tumbo, magoti ya watu pande zote.

"Nimesema," Freda alimwambia kwa midomo. "Umeona nimesema."

"Nimeona," alijibu Enid kwa midomo, na spika zote zikasema, "Nimeona." Mtangazaji aliyekuwa jukwaani alisubiri kwa heshima mpaka ikaisha, ndipo akalitaja kundi linalofuata.

"Ishike kidogo," alisema Freda, na hapo alitumia sauti, sauti ndogo. "Chukua, ishike."

Enid akaipokea. Ilikuwa ya kioo, nzito kuliko alivyodhani, na baridi. Aliitaka. Aliitaka kiasi cha kujua ni wapi angeiweka, juu ya kabati la vyombo, upande wa dirisha, na kila siku angeipangusa. Msimamizi mwenye waya sikioni alikuwa anampungia mkono atoke. Akairudisha, na wakati anapita akairudisha ndani lebo ya gauni la Freda, akaenda kusimama ukutani. Alipangiwa viti vingine vitatu kabla ya saa tatu, kimoja cha mtu aliyeshinda tuzo ya kufa vizuri, akavikalia vyote na kupiga makofi.

Jumatatu kazi iliendelea. Gareth aliihamisha meza ya nne karibu na feni ya kupoza mitambo, na feni ikasaidia kidogo. Sauti haikukoma. Watu waliizoea. Keith alisema yeye anaipenda, inampitishia siku, na mara moja aliacha kusema kabichi ili amsikilize vizuri kupitia hedifoni za Gareth.

Mwezi Juni waandishi walileta kisa kipya cha Lil Bracewell. Philippa mwenyewe alitoka ofisini akaja hadi meza ya nne kumweleza Enid, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu wa nyuma.

"Anakuja rafiki yake Lil wa zamani, wa kiwandani," alisema. "Anaitwa Nora. Anamwonea Lil wivu mbaya sana. Wewe ndiye uliyetupa wazo, mpenzi, nimeona ni haki yako ulijue mapema."

"Nora," alisema Enid.

"Ni kisa kizito. Cha mwaka mzima."

Jumamosi Enid akaenda kutengeneza nywele. Hakumwambia mtu. Usiku mmoja au miwili alikaa jikoni akifanya mazoezi ya kuingia mlangoni, kusimama, na kumwona mtu. Hayakumpa taabu. Kila alichokihitaji alikuwa nacho.

Nafasi ya Nora akapewa Rosalind Amory, mwigizaji wa jukwaani kutoka London, mrefu, mwenye mikono mizuri. Alikuwa mtu wa adabu. Siku ya kwanza alikwenda moja kwa moja meza ya nne, akamshika Enid mkono.

"Nimekusikiliza wiki mbili nzima, kanda zako zote," alisema, na lafudhi yake ilikuwa ya Nelson tupu, mpaka Keith akageuka. "Nashukuru sana. Umekuwa mwalimu wangu."

"Karibu," alisema Enid.

Wakarekodi. Katika karatasi Nora alikuwa na ukurasa mzima wa maneno ya kumtolea Lil, lakini Rosalind aliomba yafutwe. Aliingia mlangoni, akasimama, akamwona Freda nyuma ya kaunta akipangusa glasi. Hakufanya kitu. Alitazama tu, na kitu kikapanda taratibu kutoka shingoni mwake hadi machoni, kikakaa hapo, na mkono wake mmoja ukashika ukingo wa koti lake kana kwamba koti nalo litachukuliwa. Freda, ambaye hakutakiwa kufanya hivyo, alirudi hatua moja nyuma.

Enid alikuwa anatazama kutoka mezani kwake, kando ya feni. Alikuwa ameufanyia kazi wivu ule zaidi ya miaka miwili, kila siku, Krismasi na siku za mvua, na kwake ulikuwa bado una mapengo, siku za kusahau, siku za kucheka na Freda kwenye basi. Wa Rosalind haukuwa na pengo. Aliona wazi kwamba yule mwanamke anauweza kuliko yeye, na moyo ukamuuma mahali ambapo ulikuwa haujawahi kuuma.

Gareth akainua mkono. Alisema meza ya nne inaongea.

"Inasemaje?" aliuliza mwongozaji.

Gareth alibana hedifoni masikioni kwa vidole, kwa sababu ya feni.

"Inasema, 'Hata huu.'"

Mwongozaji alifikiri kidogo. Alimtazama Rosalind, akaitazama kaunta, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

"Nzuri hiyo," alisema. "Mpeni Rosalind aiseme."

Wakarudia. Rosalind aliisema mara moja tu, na ikatosha.